Mchezo Uliokosa Mumiani

Jumamosi hiyo, Rawan alipomaliza kuondoa sahani za wali na changu wa kukaanga, mumewe Mutasim aliifuta meza ya chakula kwa kitambaa kibichi, akaikausha, akatandika juu yake shuka la kijani lililoungua kidogo pembeni kwa pasi, kisha akaweka katikati sanduku lililotoka kwa mtoto wao Muhanad, aliyekuwa akisoma Maskati. Nyumba yao ilikuwa Raskazone, mjini Tanga. Mjerumani aliijenga, Mwingereza akaipaka rangi, na babu yake Mutasim akainunua. Feni ilizunguka juu ya meza bila haraka, na harufu ya samaki ilikuwa haijaisha chumbani.

Mutasim alikuwa mtu wa miaka arobaini kasoro, mwenye kitambi cha wastani na miwani ambayo ilikaa kwenye paji la uso zaidi kuliko machoni. Siku za kazi alisimamia kiwanda cha familia cha maji ya chupa. Jumamosi alicheza vita. Tabia hiyo ilianza pale Muhanad alipokwenda kusoma na kuacha kabati zima la askari wa plastiki. Mutasim na Zubeiri, nduguye wa kunyonya, walianza kwa kuwapangusa vumbi, wakaishia kuwapigisha vita mezani kwa futi na dadu, na tangu hapo kijana akawa anawaletea wazee wake michezo mipya kwa mkono wa wasafiri.

Safari hii ulikuwa mchezo wa kuwawinda wanyonya damu katika karne ya kumi na nane. Kitabu cha kanuni kilikuwa na picha za makanisa yaliyobomoka, miti isiyo na jani hata moja, na theluji.

Zubeiri alifika kwa bajaji baada ya sala ya alasiri, amebeba mfuko wa mawe. Alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mjini, mrefu, mwembamba, mwenye kusema taratibu kama anayeandika ubaoni. Yeye na Mutasim walikuwa wamenyonya ziwa moja. Mama yake Mutasim aliugua mara baada ya kujifungua, na Sabiha, mama yake Zubeiri, ambaye nyumba yake kule Tongoni ilipakana na shamba la minazi la akina Mutasim, aliwachukua watoto wote wawili, mmoja ziwa la kulia, mwingine la kushoto. Wakawa ndugu kwa dini na kwa desturi.

"Mawe ya nini tena?" Mutasim aliuliza.

"Magofu. Nimeyaokota kwetu."

"Kitabu kinasema kanisa na theluji."

"Theluji tutaitoa wapi? Karne ya kumi na nane magofu ya Tongoni yalikuwapo tayari." Zubeiri aliyapanga mawe ya matumbawe juu ya shuka, akasimamisha moja refu mfano wa nguzo ya kaburi. "Halafu mumiani si wa nchi za baridi peke yake. Bibi yangu alimwona hapa hapa Tanga."

"Amevaa joho?"

"Nguo hakuzitaja. Alisema alikuwa na gari."

Mutasim alicheka, akaanza kuvikata vinyago kutoka kwenye vijiti vya plastiki vilivyoshikana navyo kwa kisu cha matunda. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa kidole gumba. Kanuni ziliruhusu kundi la wawindaji watano, na ndani ya sanduku mlikuwa na wengi kuliko hao, kwa hiyo ilibidi kuchagua. Zubeiri alichagua kwa muda mrefu, akimshika kila mmoja na kumgeuzageuza penye mwanga wa dirisha. Alimwacha mwungwana mwenye upanga na kofia ya pembe tatu, akisema huyo anaonekana amekuja kutazamwa. Alimchukua mchimba makaburi mwenye sepetu, bibi kizee mwenye kandili, askari wa zamani mwenye mguu mmoja, daktari mwenye mkoba, na msichana aliyebeba ndoo.

"Msichana wa ndoo hana silaha," Mutasim alimwambia.

"Kitabu kinasema ndoo ina maji yaliyoombewa."

"Haya. Mimi namchukua bwana mwenyewe."

Wanyonya damu walikuwa wanne. Mutasim alimchagua mwenye joho jeusi lenye bitana nyekundu, akamsimamisha juu ya nguzo ya kaburi, akawapanga wawindaji chini wakimwelekea. Kisha wote wawili walikwenda barazani kunywa kahawa ili gundi ya vitako vya vinyago ishike.

Waliporudi, mnyonya damu alikuwa ameshuka. Alikuwa amesimama katika mstari wa wawindaji, kati ya daktari na msichana wa ndoo, na wote sita walikuwa wanakitazama kiti cha Mutasim.

"Umemhamisha?" Zubeiri aliuliza.

"Sijamgusa."

"Basi kahama." Zubeiri alivuta kiti chake akaketi. "Jaribu mwingine."

Mutasim alimjaribu bibi mwenye nywele hadi kiunoni, naye akashuka. Alimjaribu yule mwenye kucha, naye akashuka. Wa nne alikuwa mzee aliyeketi kwenye kiti cha enzi, na Mutasim alidhani huyo angalau angetulia, lakini walipomaliza kusali magharibi walimkuta upande wa wawindaji pamoja na kiti chake. Mutasim alifungua kitabu cha kanuni, akasoma sura nzima ya namna ya kupanga meza, asione popote palipoandikwa kwamba mumiani anaweza kujiunga na wanaomwinda. Alihamia upande wa pili wa meza. Vinyago viligeuka kama alizeti inavyogeuka na jua, bila sauti, vikamtazama pale alipohamia.

Rawan aliingia kuchukua birika. Alivitazama vinyago, akamtazama mumewe.

"Baba Muhanad, wanakutazama wewe."

"Naona. Sijui wanataka nini."

"Waulize."

Mutasim aliinama akawauliza. Hawakujibu, maana walikuwa wa plastiki. Rawan alichukua birika lake akawakumbusha kuwa kesho kuna wageni wa chakula cha mchana, na kwamba watu hao wote, wa joho na wa ndoo, wawe wameshaondoka mezani.

Juma lililofuata Mutasim alikwenda Tongoni kama kawaida yake, akiendesha gari mwenyewe. Kiwanda kilikuwa ndani ya shamba la minazi: banda refu la mabati, vijana wenye kofia za nailoni, mashine ya kujaza, na nyuma yake kisima kirefu chenye pampu ya umeme iliyofanya kazi usiku na mchana. Maji yake yalikuwa matamu. Watu wa mjini waliyapenda, harusi nyingi ziliyanunua.

Katika mwaka huo visima vya kijiji vilikuwa vimeingia chumvi, kimoja baada ya kingine, kuanzia vya upande wa pwani. Wanawake waliacha kufulia maji ya visima hivyo kwa sababu sabuni haikutoa povu. Mibilingani ilikauka. Wale waliokuwa na nguvu walitembea hadi kisima cha mbali, kule ng'ambo ya barabara kuu, wakapanga foleni ya ndoo. Mutasim aliyajua hayo yote, nayo yalimtatiza. Alikuwa na kibali. Mtaalamu alikuja na vyombo vyake, akapima, akasema kiwango kinaruhusiwa. Kila alipojaribu kuunganisha pampu yake na chumvi ya watu, mawazo yalimponyoka, kama mtu anayejaribu kushika sabuni bafuni.

Alipita kumwamkia Mama Sabiha, ambaye alikuwa uani akichambua mchicha uliokuwa na majani ya njano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wazima huko? Rawan?"

"Wazima. Nimekuletea katoni ya maji."

"Ahsante. Weka hapo." Alimwonyesha mahali penye katoni nyingine. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, mtaratibu, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. "Kisima chetu nacho kimeshaingia chumvi, Mutasim. Sasa hata cha msikitini."

"Nimesikia, mama. Sijui tufanye nini. Chumvi inatoka baharini, na bahari si yangu."

Mama Sabiha aliendelea na mchicha wake. "Bahari ilikuwapo siku zote, mwanangu," alisema. "Ila ilikuwa haiji."

Mutasim alirudi Raskazone akiyarudia maneno hayo garini. Aliyaona kuwa ya kweli, lakini hakuona yanamtaka afanye nini. Alipofika Mwambani alikuwa ameanza kuwaza tena vinyago vyake, kwa kuwa jambo hilo alilijua kuwa lina ufumbuzi. Mchezo ulikosa mumiani, basi atafute mumiani.

Pale Ngamiani palikuwa na fundi wa meno ya bandia aitwaye Daniel, Mbondei mwenye mkono mwepesi. Mutasim alimpa picha kutoka kwenye kitabu na kumwomba amchongee mnyonya damu mmoja wa urefu wa kidole gumba, mwenye joho, uso mkali, na meno yaonekane.

"Meno ndiyo kazi yangu, bosi," Daniel alimwambia. "Hilo usiwe na shaka."

Alipokwenda kukichukua, Daniel alikitoa kwenye kikasha cha pamba. Kilikuwa kinyago cha mtu mwenye shati la mikono mifupi, kitambi cha wastani na miwani juu ya paji la uso. Mkononi alishika ufunguo wa gari. Meno yalikuwa safi sana.

"Daniel, huyu ni mimi."

"Ndiyo, bosi. Nilichonga joho. Kilipokauka likawa shati. Nikafikiri labda umebadili mawazo, umenipigia simu sijasikia."

"Sikukupigia."

"Basi nitarudia."

Alirudia. Cha pili kilitoka hivyo hivyo, ila kilikuwa kinazungumza na simu. Daniel aliomba radhi, akasema huenda ni unga wa aina mpya, umetoka Mombasa, tabia yake hajaizoea. Mutasim alivitia vyote viwili mfukoni. Njiani alisimama kwenye kivuli cha duka la vitambaa, akakitoa kile cha kwanza, akakitazama. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake sokoni, akageuka, asimwone aliyemwita.

Jumamosi ilipofika, Zubeiri alikuja akiwa kimya kuliko kawaida yake. Wiki hiyo kijiji kilikuwa kimefanya mkutano. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kiwanda kinachimba kisima cha pili, na habari zilikuwa za kweli: shangazi yake Mutasim, Bi Fakhria, mwenye hisa kubwa kuliko wote, alikwisha kuagiza mashine ya kuchimbia. Wanakijiji walikuwa wamemtuma Zubeiri. Hakutaka kutumwa, lakini walimwambia wewe ndiye nduguye, ukienda wewe atasikia.

Aliketi. Vinyago vya sandukuni vilikuwa tayari mezani, vyote vimemtazama Mutasim. Zubeiri alikitengeneza kipande cha gofu kilichoanguka, akakohoa.

"Mutasim, nikuulize jambo kwa heshima zote."

"Uliza, ndugu yangu. Kwani tangu lini unaomba ruhusa?"

"Hiyo pampu. Haiwezi kuzimwa kidogo? Sisemi ifungwe. Mpaka mvua za masika zipite, visima vipumue. Wazee wanasema chini kukijaa maji matamu, ya chumvi yanarudi baharini yenyewe."

Mutasim alishusha miwani machoni, akaipandisha tena. "Nikizima, vijana wa kiwandani watakula nini? Wengi ni wa huko huko kwenu."

"Najua."

"Na shangazi nimwambie nini? Na dada zangu? Zubeiri, mimi kibali ninacho. Sijaiba kitu. Sijavuka mpaka wa shamba letu."

"Juu hujavuka," Zubeiri alisema.

Feni ilizunguka. Jikoni Rawan alikuwa anatwanga iliki.

"Mama nampelekea maji," Mutasim alisema baadaye. "Kila nikienda. Hajawahi kukosa."

"Unampelekea maji yake."

Zubeiri alilisema hilo kwa sauti ya chini, na mara alipolisema alionekana kama aliyetamani kulirudisha. Mutasim alimtazama usoni. Alijua kwamba ameambiwa jambo zito. Alilipima, akaliona uzito wake, lakini hakuona mahali pa kulishikia. Kisha Zubeiri alifuta uso kwa leso.

"Haya," alisema. "Tucheze. Umempata mumiani?"

Mutasim alitoa mfukoni kinyago kile cha shati na ufunguo wa gari. Zubeiri alikipokea, akakiangalia mbele na nyuma, akamrudishia.

"Kazi nzuri," alisema. "Hasa meno."

Mutasim alikiweka juu ya nguzo ya kaburi. Kikatulia. Wote wawili walingoja. Kikaendelea kutulia, ufunguo mkononi, na polepole, mmoja baada ya mwingine, wawindaji waliacha kumtazama Mutasim wakakigeukia kinyago. Bibi kizee aliinua kandili lake. Wale wanyonya damu wanne wa zamani waliondoka mezani, wakaingia sandukuni wenyewe, mzee wa kiti cha enzi akiwa wa mwisho.

"Kumbe ilikuwa hivyo tu," Mutasim alisema, na moyo wake ukatua.

Mchezo ulikwenda vizuri kuliko mchezo mwingine wowote. Mutasim alicheza kwa akili zake zote. Mumiani wake alijificha nyuma ya ukuta wa kibla wa lile gofu dogo, akamnyonya daktari, akamnyonya askari wa mguu mmoja, na kila aliponyonya rangi iliwatoka wawindaji wakabaki weupe kama mishumaa, naye akanawiri. Zubeiri alipima kwa futi, akasogeza, akarusha dadu bila papara. Mchimba makaburi aliziba mlango. Bibi kizee alimulika. Msichana wa ndoo alipita katikati ya makaburi, akamwaga maji yake mbele ya mumiani, na kanuni zilisema kuwa mumiani hawezi kuyavuka maji yaliyomwagwa kwa hiari. Mutasim hakuwa na pa kukimbilia.

Ilibaki kurusha dadu ya kigingi, kile cha kumchoma mumiani moyoni. Zubeiri aliishika, akaitikisa kiganjani, akaacha.

"Nirushe?"

"Rusha. Si mchezo?"

"Naona mkono mzito."

"Rusha, bwana. Umecheza vizuri, usiniharibie."

Zubeiri alirusha. Ikaja sita. Mchimba makaburi alimkita mumiani sepetu kifuani badala ya kigingi, jambo ambalo kanuni ziliruhusu, na Mutasim alisikia kitu kimefungwa ndani yake, kama bomba lililofungwa katika chumba cha mbali cha nyumba. Aliweka mkono kifuani. Alingoja. Kisha alimwita mkewe.

Rawan alikuja na mikono yenye harufu ya iliki, akaweka sikio kwenye kifua cha mumewe, akasikiliza kushoto na kulia.

"Moyo umesimama," alisema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Ngoja nizime jiko."

Walimpeleka kliniki kwa gari lake mwenyewe, yeye akiendesha kwa sababu Zubeiri hakujua kuendesha na Rawan alikuwa hajaipata miwani yake. Daktari, kijana mpole aitwaye Innocent, alimpima, akabadilisha chombo akampima tena, akathibitisha kuwa amefariki. Alimshauri apunguze mafuta. Kutoka hapo walipitia kwa Shekhe Nasri, imamu wa mtaa, kwa kuwa Rawan alitaka kujua kama aanze kukaa eda, na Zubeiri alitaka kujua kama apeleke habari za mazishi Tongoni.

Shekhe Nasri aliwakaribisha barazani, akamtazama marehemu kwa makini.

"Mwenyewe anasemaje?" aliuliza.

"Anasema Jumatatu ana kikao," Rawan alijibu.

"Anaweza kutawadha?"

"Naweza, shekhe," Mutasim alisema.

"Basi mwacheni aende kikao. Anayeweza kutawadha mwenyewe hatuna haki ya kumkosha. Na wewe mama, eda ingoje." Akawaombea dua, akawaaga.

Jioni hiyo Bi Fakhria alipiga simu kutoka Pangani, alikokuwa akiishi na binti yake. Habari zilikuwa zimemfikia. Alilia kidogo, kwa sababu alimpenda mtoto wa kaka yake, kisha akauliza kama anaweza kutia saini. Mutasim alichukua kalamu akajaribu pembeni ya gazeti. Saini ilikuwa ile ile, pengine imenyooka zaidi. Bi Fakhria alimshukuru Mungu.

Zubeiri hakuondoka. Alisema ni matanga, na mtu hamwachi nduguye siku ya matanga, hata kama nduguye ndiye anayemmiminia kahawa. Waliketi barazani wote wawili, magari yakipita kuelekea ufukweni. Zubeiri alikuwa na uso wa mtu aliyekosea njia katika mtaa aliozaliwa.

"Nilidhani ukifa itasimama," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Pampu."

Mutasim alifikiri kwa uaminifu kabisa, maana alitaka kumsaidia. "Pampu haina habari na mimi, Zubeiri," alisema. "Ina umeme."

"Na ile ya pili?"

"Hiyo nayo itakuwa na umeme."

Zubeiri alitikisa kichwa taratibu. Baada ya hapo alikaa mpaka giza lilipoingia, na alipoondoka alimshika Mutasim mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyoshikwa mfiwa, ingawa haikuwa wazi kati yao nani amefiwa.

Jumatatu Mutasim alikwenda kikaoni, kisha akaenda Tongoni. Watu wa kiwandani walikuwa wameshapata habari. Walimpa pole, wakampa makabrasha ya mashine, naye akatia saini. Lori la kuchimbia lilikuwa limeegeshwa kati ya minazi, na mafundi walikuwa wanalisawazisha kwa mbao. Baadhi ya watu wa kijiji walisimama nje ya ua wakitazama. Mmoja wao, mvuvi aitwaye Sele, aliuliza kwa sauti kama ni halali maiti kuchimba kisima. Msimamizi alimjibu kuwa kibali kimeandikwa jina la kampuni, na kampuni haijafa. Sele aliona kwamba ni kweli, lakini hakuondoka.

Mutasim aliwaacha akaenda kumwamkia Mama Sabiha. Alimkuta kibarazani, ndio kwanza amerudi kutoka msibani kwa jirani, kanga mbili bado ziko kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama kwa muda mrefu. "Nimesikia umefariki."

"Ndiyo, mama. Jumamosi."

"Zubeiri kanambia. Tangu siku hiyo hali, hasemi. Anasema yeye ndiye aliyerusha dadu."

"Alicheza vizuri. Mwambie sina kinyongo naye."

"Mwambie mwenyewe. Nyinyi ni ndugu." Alinyoosha mkono, akamgusa shavu kwa nyuma ya vidole, kama mtu anayempima mtoto homa. "Umepoa. Inauma?"

"Haiumi. Ila sielewi, mama. Naona kama kuna jambo nilitakiwa nilielewe, na kila mtu ameshalielewa, mimi peke yangu limenipita. Nikauliza, nikajibiwa, na jibu nimelisikia. Bado sielewi."

Mama Sabiha aliinuka, akaingia ndani, akarudi na birika na kikombe. Alimmiminia chai.

"Mama, usijisumbue. Najua maji ni ya taabu."

"Ya kisima cha mbali yamekwisha. Hii ni ya kisima chetu hapa. Wageni siwapi, wanaitema. Lakini wewe jaribu."

Mutasim alipokea, akapuliza kwa mazoea, akanywa. Alikunywa kikombe chote bila kukunja uso, akakiweka chini kwenye sakafu ya saruji.

"Chai nzuri," alisema.

"Hukusikia kitu?"

"Sijasikia kitu, mama. Ina nini?"

Mama Sabiha alichukua kikombe akamwongeza cha pili. Kule shambani mashine ilikuwa imeshaanza kuchimba.